Leseni imerudi, fedha ya bima iko wapi?

Dereva aliyefungiwa leseni huwa anajua tarehe ya kufunguliwa kuliko anavyojua siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Anajua ofisa gani wa usalama barabarani wa kumwona, anajua foleni ya TRA huwa fupi saa ngapi, na gari limeshaoshwa. Kitu ambacho hajakipigia hesabu ni bima. Mimi ni wakala wa bima hapa Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, na jambo hili nimeliona likijirudia mpaka limeniuma. Mtu anamaliza akiba yote kwenye leseni, faini na gereji, halafu anakaa mbele ya meza yangu na fedha isiyotosha hata bima ndogo, wakati mzigo umeshapakiwa.

Nina watu wawili ninaotaka kuwasimulia. Mmoja ni mteja wangu wa Uyole. Mwingine ni mdogo wangu wa tumbo moja, anayeishi Houston, Texas. Sheria za huku na za kule ni tofauti kabisa, lakini wote wawili walikwama mahali pamoja: fedha inayotakiwa kwa mkupuo, kabla hujashika usukani, wakati ambapo mfuko ndio umekauka kuliko wakati mwingine wowote.

Nianze na wa Uyole. Alikuwa dereva wa Fuso, akipakia viazi milima ya Uporoto kupeleka Dar es Salaam. Akapata ajali upande wa Inyala. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa: malori yanashuka yamebeba shaba na makontena, breki zinanuka, na ukikosea kidogo hakuna pa kukimbilia. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini mahakama ilimtia hatiani, ikamzuia kuendesha kwa muda na kutaka afanye mtihani upya kabla ya kurudishiwa leseni. Tajiri wake akaweka dereva mwingine. Katika kipindi hicho yeye na mkewe, ambaye ana meza ya nyanya na vitunguu sokoni Mwanjelwa, wakajikusanya wakanunua kirikuu iliyotumika, kile kigari kidogo cha mizigo, wakitegemea kwamba leseni ikirudi ataanza kubeba mizigo ya wafanyabiashara wa Sido na Mwanjelwa.

Leseni yenyewe haikumshinda. Tangu 2019 ada ya leseni ya udereva ni Sh 70,000 kwa miaka 5, badala ya Sh 40,000 kwa miaka 3 iliyokuwapo kabla. Mtihani ada yake ni ndogo. Kilichomshtua kwanza ni faini. Kirikuu ile ilikuja na madeni ya mwenye gari wa awali, kila kosa Sh 30,000, kwa sababu deni linaandikwa kwenye namba ya gari na linahama pamoja nalo. Askari wa kwanza atakayekusimamisha Mlima Nyoka akiingiza namba kwenye mashine yake, deni linasoma, na hakuulizi ni la nani. Kuangalia deni kwenye mfumo wa faini kabla ya kununua gari ni kazi ya dakika chache, na ni dakika ambazo ningemsihi kila mtu azitumie. Akalipa. Kisha matairi mawili, kisha breki, na hapo simlaumu hata kidogo, maana mtu aliyeona ajali haendi barabarani na breki za kubahatisha.

Ndipo akaja kwangu.

"Dada," akasema, "niandikie ya gari binafsi kwanza, tofauti nitaileta mwisho wa mwezi."

Ombi hilo lilikuwa na mambo mawili, na yote mawili hayawezekani. La kwanza ni mkopo. Kwa sheria yetu ya bima, bila ada hakuna bima. Mteja anapewa namba ya malipo, fedha inakwenda kwenye kampuni, ndipo stika inatoka kwenye mfumo. Wakala hana mahali pa kuandika deni la mteja hata kama anamfahamu tangu utoto. La pili ni matumizi ya gari. Bima ndogo ya gari binafsi, ile inayowalinda watu wengine tu, ni Sh 100,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, jumla Sh 118,000, na kila mwenye gari dogo mjini anaijua bei hiyo kama bei ya sukari. Gari la mizigo ya kukodishwa liko kwenye daraja lingine, na ada yake ni kubwa zaidi. Kirikuu yenye namba ya njano ya gari binafsi, bima ya binafsi na magunia ya vitunguu ya mtu mwingine mgongoni ni gari ambalo siku ya ajali kampuni itauliza swali moja tu: ulikuwa umebeba nini, na kwa malipo ya nani?

Alikuwa na sababu ya kutaka kubana. Lakini nilipomuuliza gari likiungua au likipinduka mkewe atabaki na nini, alinyamaza. Fedha ya kirikuu ile ilikuwa na mkono wa kikoba ndani yake, kile kikundi cha mkewe cha kuweka na kukopa. Bima ndogo ingemlipa mtu aliyegongwa, isingemrudishia mama yule hata tairi moja. Hivyo tukaanza kuzungumzia bima kubwa, ile inayolinda na gari lako mwenyewe, nayo inapigwa kwa thamani ya gari. Kwa gari binafsi kiwango kinachojulikana ni asilimia 3.5. Gari la Sh 10,000,000 ni Sh 350,000, ongeza VAT Sh 63,000, inakuwa Sh 413,000. La mizigo ya biashara linaanzia juu ya hapo. Ni fedha nyingi kwa mtu ambaye hajaingiza shilingi kwa muda mrefu, na inatakiwa yote siku moja.

Halafu ikaja fomu ya maombi. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo madereva waliowahi kufungiwa wanapojiumiza zaidi. Fomu inauliza: je, dereva amewahi kupata ajali katika miaka ya karibuni? Amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani? Leseni yake imewahi kuzuiwa? Kuna kampuni imewahi kumkataa? Yule bwana alishika kalamu, akaangalia mlango kama mtu anayeogopa kusikika, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada, nikiandika kweli watanikubali?"

Nikamwambia sijui, lakini ninajua kitakachotokea akiandika uongo. Ada itapokelewa vizuri kabisa, stika itatoka, mwaka mzima utakwenda hakuna anayemsumbua. Siku ya madai ndiyo kampuni hufungua faili, na hukumu ya mahakama si kitu cha kuficha. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa fomu ile, na uongo mmoja tu unatosha kuubomoa, tena wakati ambapo huna namna ya kurudi nyuma kuurekebisha. Bima iliyonunuliwa kwa uongo ni mwavuli wenye tundu: unaubeba kiangazi chote, unakuja kuligundua mvua ikinyesha.

Akaandika kweli. Nikapiga simu kwa anayepitisha maombi kwenye kampuni, nikamweleza mambo yote, nikamtumia picha za gari na hati ya mtihani mpya. Jibu lilikuja baadaye na lilikuwa na funzo. Ada haikupanda sana kama alivyokuwa akiogopa. Walichokipandisha ni ekses, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake. Watu wengi hawaisomi sehemu hiyo. Wanaangalia ada wanafurahi. Lakini ekses kubwa ni gharama, na kwa maoni yangu inapaswa kuhesabiwa tangu mwanzo pamoja na ada, maana ukipata ajali huna fedha hiyo, gari linakaa gereji na bima yako nzuri iko kabatini.

Kuna jambo jingine aliloniuliza ambalo nimekuja kuulizwa na wengine wengi: je, kabla leseni haijatoka, si anaweza kulisogeza gari kidogo kwa kuwa lina bima? Nikamfungulia mkataba. Kifungu cha dereva kinasema kwamba anayeendesha lazima awe na leseni ya gari la aina ile, au aliwahi kuwa nayo na hajazuiwa na mahakama au sheria kuishika. Tofauti ni kubwa. Mtu ambaye leseni yake imeisha muda tu ana cha kujitetea mbele ya kampuni, ingawa askari atamwandikia. Aliyezuiwa hana. Akigonga mtu, sheria inaweza kuibana kampuni imlipe yule aliyeumia, kisha kampuni ikamgeukia mwenye gari kudai fedha yake yote. Hapo familia inauza kiwanja.

Kwa sababu hiyo sikumshauri alipie bima mapema. Mwaka wa bima huanza kuhesabiwa siku iliyoandikwa kwenye mkataba, na siku ambazo gari limelala uani kwa kukosa dereva mwenye leseni ni siku alizonunua na hakuzitumia. Nilimwambia fedha iwepo, ikae kwa mkewe, isiguswe, na bima ianze siku ileile leseni inapoingia mkononi. Kama angekuwa na kijana mwenye leseni wa kumwendeshea kwa muda, hesabu ingekuwa nyingine.

Fedha haikuwepo, bila shaka. Mtu mmoja stendi akamwahidi stika kwa bei ya nusu. Alikuja kunionyesha picha yake kwenye simu. Tuliingiza namba ya stika kwenye mfumo wa TIRA MIS, ule wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambao mwananchi yeyote anaweza kuufungua, na ikasoma gari tofauti kabisa. Hakurudi stendi.

Wakati huohuo simu ikaja kutoka Houston.

Mdogo wangu alikuwa amekamatwa mara ya pili akiendesha gari lisilo na bima. Texas hukumu ya pili ya kosa hilo inasimamisha leseni, na ili uirudishe lazima ulipe dola 100 kwa jimbo na uwe na karatasi inayoitwa SR-22, uiweke hai kwa miaka 2. Alipiga simu kwa Mama, Tukuyu, kuomba ukoo umsaidie. Baba mdogo alisema waziwazi kwamba hajawahi kuona mtu wa Marekani akiomba fedha kwa wakulima wa chai. Nikaitwa mimi, kwa kuwa ni mtu wa bima, nieleze kama ni kweli au ni maneno.

Ilinibidi na mimi nijifunze. SR-22 yenyewe haimkatii mtu bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima huipelekea idara ya usalama wa umma ya jimbo kusema kwamba huyu mtu ana bima ya kiwango kinachotakiwa na sheria. Kwa Texas kiwango hicho ni dola 30,000 kwa kila mtu aliyeumia, dola 60,000 kwa ajali nzima na dola 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Kupeleka cheti hugharimu makumi machache ya dola tu. Mzigo uko kwenye ada. Kule ada inamfuata dereva na historia yake, kwa hiyo mtu anayeomba SR-22 ameshajitambulisha kuwa ni wa hatari. Kampuni nyingine zilimkataa. Zilizomkubali zilitaka malipo makubwa ya mwanzo, au miezi sita yote mara moja.

Tena hakuwa na gari. Alikuwa ameliuza kulipa madeni, na alidhani lazima anunue jingine kwanza ndipo akate bima. Kumbe ipo bima ya dereva asiye na gari, inayomlinda anapoazima au kukodi la mtu, na Texas wanaikubali kwa ajili ya SR-22. Kwa kawaida bei yake iko chini ya ile ya mwenye gari. Mhudumu mmoja wa simu ndiye aliyemwambia, baada ya wengine kukaa kimya. Angeijua mapema asingekuwa anasaka mkopo wa gari kwa riba ya kutisha.

Alikuwa na bei mbili mezani. Moja ilitaka kianzio kidogo na malipo mazito kila mwezi. Nyingine ilitaka miezi sita kwa mkupuo, lakini jumla yake ilikuwa ndogo. Yeye aliipenda ya kwanza, na ninamwelewa, kwa sababu mtu asiye na fedha huona kianzio tu. Mimi nilikataa kabisa. Anafanya kazi ghalani kwa malipo ya saa, na baada ya Krismasi saa hupunguzwa. Mwezi mmoja ukimshinda, bima inakatika, kampuni inaliarifu jimbo, leseni inasimamishwa upya, na anaanza tena na zile dola 100. Kwa mtu wa kawaida bima kukatika ni usumbufu. Kwa mwenye SR-22 ni kurudishwa pale alipoanzia.

Tulikaa nyumbani Tukuyu, mvua inanyesha kama kawaida ya Rungwe, nikawaeleza hayo yote kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyakyusa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Mbolea tunakopeshwa, wanakuja kukata kwenye majani. Hii bima kwa nini wasikate kwenye mshahara wake? Na huyo wako wa Uyole, kwa nini wasikate kwenye mizigo yake?"

Sikuwa na jibu jepesi, na bado ninaliheshimu swali hilo. Sababu ya sheria yetu ninaielewa: kampuni haiwezi kumlipa mjane kwa fedha ambayo haijaingia, na wakala akiruhusiwa kukopesha, wengine watakopesha mpaka mfuko uwe mtupu. Lakini ninaona pia upande wa Mama. Dereva anayerudi barabarani ndiye mtu tunayehitaji kuliko wote awe na bima halali, na ndiye ambaye mlango wa malipo ya mkupuo unamgonga kichwani. Zipo kampuni zinazokubali bima kubwa ya muda mfupi, ila miezi michache huuzwa ghali kuliko fungu lake la mwaka. Zipo benki zinazokopesha ada ya bima, lakini zinataka kuona mzunguko wa akaunti, na mtu aliyekaa bila kazi hana mzunguko wa kuonyesha. Ningependa sana makampuni yetu yakae na SACCOS na vyama vya madereva walitafutie jambo hili njia.

Ukoo ulichanga. Mama alitoa malipo ya chai, baba mdogo akatoa baada ya kulalamika, nami nikaongeza. Tuliandika kuwa ni mkopo, na mdogo wangu ameurudisha kwa mafungu. Miezi sita ya kwanza ilipokaribia kwisha alikuwa ameshaweka ya kufuata. Nimemwonya jambo moja tu: miaka 2 ikitimia asikate bima kwa kuhesabu mwenyewe kwenye kalenda. Aulize jimbo kwanza kama muda umekamilika kwenye kumbukumbu zao.

Na yule wa Uyole? Mkewe ndiye aliyemvusha. Alisimama kwenye kikoba chake akaeleza hali ilivyo, bila kuficha ajali wala kesi, akaomba mkopo wa bima peke yake, nao wakampa kwa sharti kwamba fedha iende moja kwa moja kwenye namba ya malipo na stika waione. Nilifurahi kuliko siku nyingi za kazi hii. Tangu hapo kila safari ya kirikuu ina fungu linalotolewa kabla ya mafuta, nalo linalala kwenye sanduku la kikundi pamoja na akiba ya ekses. Mwaka ulipogeuka alikuja mapema, hana dai lolote, tukaiomba kampuni impunguzie ekses. Wamepunguza sehemu, si yote. Kikoba kile sasa kina wanachama wengine wawili wenye waume madereva, na wameanza kuweka.